Udongo wa Mfinyanzi Asilimia 50, Lakini Mfinyanzi Gani?

Ahsanteni. Hizo silinda mbili za vipimo hapo mezani naomba zisiguswe kwanza. Niliziandaa jana saa sita mchana, tutazirudia.

Naanza na nyumba mbili za walimu. Ziko Shinyanga vijijini, hazifiki kilomita moja kati yake. Mchoro ni mmoja, fundi mmoja, msingi wa mawe wenye kina kilekile. Ya kwanza iko kwenye mwinuko, juu ya udongo mwekundu, na haina ufa. Ya pili iko bondeni, ukingoni mwa mbuga, yaani tambarare ya udongo mweusi mzito. Niliitwa huko mwezi wa nane, nikaingiza vidole viwili kwenye ufa uliotoka pembe ya dirisha. Mwalimu mwenye nyumba akaniambia, "Baba, ungekuja wakati wa mvua usingeuona. Unajifunga wenyewe. Ila mlango wa chumbani ndio haufunguki, watoto wanapitia dirishani." Plasta ilikuwa imeshapigwa mara tatu. Mara tatu fundi analipwa kuficha kitu kinachopumua!

Nikaomba ripoti ya udongo. Ilikuwepo, safi, imegongwa muhuri. Shimo la mwinukoni: mfinyanzi, zile punje ndogo kabisa za udongo, asilimia 50. Shimo la bondeni: mfinyanzi asilimia 50. Mhandisi akaona namba zimelingana, akatoa msingi uleule. Ndugu zangu, hili nimelisema kila nilipopewa kipaza sauti, na leo nalisema tena: asilimia ya mfinyanzi inakueleza kwamba punje ni ndogo. Haikuelezi punje hizo ni za madini gani.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwemo ukurasa wa pili wa ripoti hiyohiyo. Kipimo cha unyumbufu, yaani upana wa unyevu ambao ndani yake udongo unafinyangika bila kupasuka wala kutiririka: juu 20, chini 65. Skempton, mhandisi wa udongo wa Uingereza, alishatuonyesha mwaka 1953 la kufanya. Chukua unyumbufu, gawanya kwa asilimia ya mfinyanzi. Juu unapata 0.4, chini 1.3. Kaolini, madini ya mfinyanzi yasiyovimba, hukaa karibu na 0.4. Ukivuka 1.25, yeye aliuita udongo huo mtendaji, na mara nyingi una smektaiti ndani yake, madini yanayovimba yakilowa. Ni hesabu ya kugawanya tu! Maabara imelipwa, namba zipo, na hakuna aliyegawanya.

Sasa tofauti inatoka wapi? Kaolini, kama ile ya Pugu, ni tabaka la silika lililoshikana na tabaka la alumina, na kila jozi imeng'ang'ania jozi ya jirani kwa nguvu, maji hayapiti katikati. Gramu moja ina uso wa mita za mraba 10 hadi 20 hivi. Smektaiti ina alumina katikati na silika pande zote mbili, kama vipande viwili vya mkate vilivyobana kitu, na mkate huu haushikani vizuri na mkate wa jirani yake. Maji yanaingia, yanazisukuma tabaka hizo, zinaachana. Gramu moja inaweza kufika mita za mraba 800. Chukua gramu 10, kijiko tu, tandaza tabaka zake zote: unafunika uwanja wa mpira na kubaki. Uso wote huo unataka maji. Ndiyo maana pale bondeni udongo wa katikati ya nyumba, uliofunikwa na sakafu, ulibaki na unyevu, huku wa pembeni ukikauka na kusinyaa, kisha ukilowa na kuvimba. Kuta za nje zinashuka na kupanda kila mwaka. Plasta itafanya nini hapo?

Kuna atakayesema, "Mzee, eksirei ya madini ni ghali, na mteja hataki." Sijakuomba eksirei. Nimekuomba ugawanye, halafu utembee. Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza miaka ya 1930 jinsi udongo wa nchi hii unavyopangana kutoka kilele hadi bonde. Juu mvua inaosha silika, kalsiamu na magnesiamu, inaacha chuma na alumini: ndiyo kaolini na ile rangi nyekundu. Vilivyooshwa vinatuama bondeni, na humo ndimo smektaiti inapozaliwa. Mkulima wa Kisukuma hakumsubiri Milne. Ana luseni, ana itogolo, ana ibambasi, ana mbuga, na kila jina lina mahali pake kwenye mteremko. Sisi tunaandika "udongo wa mfinyanzi" kwa vyote, kisha tunamwona yeye ndiye hakusoma.

Ila msitoke hapa mkisema mwekundu ni salama, mweusi ni mbaya. Bwawa la Sasumua, linaloipa Nairobi maji, lilijengwa miaka ya 1950 kwa udongo mwekundu wa volkano ambao vipimo vyake viliwatia watu hofu: mfinyanzi mwingi mno, unahitaji maji mengi mno kushindiliwa, na hata ukishindiliwa bado ni mwepesi. Terzaghi, mmoja wa waasisi wa uhandisi wa udongo, akaandika juu yake mwaka 1958. Madini yalikuwa haloisaiti, ndugu wa kaolini mwenye maji kati ya tabaka zake, na punje zimegandana kwenye vinundu vigumu vyenye matundu. Maji mengi yamo ndani ya vinundu, hayalainishi kitu. Udongo ule ulikuwa imara. Na haloisaiti ya namna hiyo ukiikausha kwenye tanuri, hairudi tena kuwa ilivyokuwa. Kwa hiyo ninyi wa Arusha na Moshi, mnapoletewa sampuli za udongo wa volkano, kwa nini mnaanza kwa kuzitia tanurini? Mnapima udongo ambao haupo tena pale shambani.

Naambiwa zimebaki dakika mbili. Chokaa ya kuimarisha udongo ilikuwa na sehemu yake; nitasema moja. Kwenye smektaiti chokaa inafanya kazi, lakini kiasi chake hakitolewi kichwani. Ongeza hadi pH ya mchanganyiko, kile kipimo cha asidi na alkali, ifike 12.4, hapo ndipo uanzie.

Twende mezani. Kila silinda ina gramu 10 za udongo uleule wa mbuga, uliochekechwa. Hii ina maji, ile ina mafuta ya taa, ambayo hayawezi kuuvimbisha. Saa 24 zimeshatimia. India, wenye udongo mweusi kama wetu, wanachukua tofauti ya ujazo, wanagawanya kwa ujazo wa kwenye mafuta ya taa. Ikizidi asilimia 50 wanauhesabu udongo huo kuwa wa kuvimba sana. Sogeeni, asome mmoja kwa sauti, wa nyuma wasikie. Kisha mwambieni bei ya lita moja ya mafuta ya taa yule mteja asiyetaka kipimo.