Pukuchueni Kwanza

(Mhadhara kwa wakulima wa mahindi, Iringa, baada ya mavuno)

Kamwene! Haya, leo mmeitika kwa nguvu, inaonyesha mahindi yameshatoka shambani.

Dumuzi, huyu mdudu anayetoboa mahindi ghalani, sina haja ya kuwatambulisha. Asili yake Mexico na Amerika ya Kati, hapa nchini alianzia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na wengine mnamwita skania. Mimi nimekuja kurudia lilelile la mwaka jana na mwaka juzi: pukuchueni. Kabla ya kuniuliza bei ya dawa, pukuchueni.

Naona mzee pale nyuma ameshakunja uso. Shikamoo mzee wangu. Najua utasema babu zetu waliweka mahindi na maganda yake kichanjani, yakapigwa moshi wa jikoni, yakafika msimu mwingine. Kweli kabisa. Ila babu alikuwa akipambana na fukusi, yule mwenye mkonga, na ganda lililofunga vizuri lilimsumbua fukusi. Dumuzi hahangaiki nalo. Anaanzia kwenye kitako cha gunzi, anatoboa ndani kwa ndani, na wakati anafika kwenye punje wewe kwa nje unaona hindi zima.

Halafu gunzi lenyewe linamsaidia. Punje iliyobanwa na wenzake haitikisiki, kwa hiyo anapata pa kujikita akitoboa. Punje iliyo huru inamsumbua. Hiyo ndiyo siri yote, wala haihitaji digrii. Leo jioni chukueni hindi mnalolishuku, mligonge kwenye beseni. Utamwagika unga mwingi, maana anasaga kuliko anavyokula. Mdudu mwenyewe hafiki nusu sentimita, kahawia iliyokolea, nyuma amekatika butu, na ukimtazama kwa juu kichwa hukioni, kimejificha chini. Huko Tabora mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yalipoteza hadi asilimia 35 ya uzito kwa miezi mitano au sita. Katika gunia kumi, tatu na nusu zimekuwa vumbi.

Sasa kuna kina mama watasema, “Mwalimu, mimi dawa nilitia, ni feki.” Dawa feki zipo, sikatai. Lakini kila mwaka naletewa hindi lililopakwa dawa kwa nje kama limepigwa chokaa, na ndani dumuzi wanazaliana. Unga wa dawa utaingiaje katikati ya gunzi, mama yangu? Umeupaka mlango, mwizi yuko chumbani!

“Kupukuchua ni kazi.” Ni kazi, ndiyo. Mbona mlanguzi akija mwezi wa saba na bei yake ya kutupa, mnapukuchua usiku kucha, mpaka watoto wanaamshwa? Kwa mlanguzi nguvu zipo, kwa chakula chenu wenyewe mikono inauma. Na wengi hamuuzi kwa sababu ya ada, mnauza kwa kumwogopa dumuzi, halafu mwezi wa pili mnayanunua mahindi yaleyale kwa bei nyingine. Hili linaniudhi, nisameheni.

Nimeonyeshwa saa. Basi haraka haraka.

Yakaushwe kwanza. Weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Dawa, soma lebo uone viambato viwili: pirimifosi-methaili kwa ajili ya fukusi na pamethrini kwa ajili ya dumuzi. Kiambato kimoja pekee kitawaachia mmoja wao. Kipimo ni cha kwenye lebo, siyo cha jirani, na mchanganye juu ya turubai kwa sepetu, mkigeuza mpaka isibaki punje isiyoguswa na dawa. Mdomo na pua vifungwe.

Asiyetaka dawa achukue mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani. Wadudu wanamaliza hewa, wanaacha kula, wanakufa. Lakini fungeni kila nailoni peke yake, na msifungue kila Jumapili kuchungulia! Mahindi mabichi humo yataoza.

Kuna kijana kauliza kuhusu yule mdudu anayemla dumuzi. Yupo, Teretrius, aliletwa Afrika kutoka hukohuko kwao na kuachiwa porini. Huko anapunguza idadi, lakini asikudanganye mtu kwamba atalinda gunia lako.

Vihenge vifagiliwe kabla ya kuingiza mapya, na masalia ya mwaka jana yachomwe. Mihogo mikavu msiiweke chumba kimoja na mahindi, dumuzi anaila nayo vibaya sana. Maharage yana mdudu wake, nitarudi siku nyingine.

Mwisho, waliokuja na mahindi yaliyotobolewa ili niyaangalie, nawaomba yabaki nje pale kwenye meza. Dumuzi anatoboa hata miti mikavu, na wenye ukumbi huu wamepiga dari la mbao za Sao Hill juzijuzi tu.