Nguzo za Córdoba: Kwa Nini Msikiti Mkuu Ulisalimika

Mabibi na mabwana, mada niliyopewa ni majengo ya kale ya ibada katika Ulaya, na kwa kuwa uwanja huo ni mpana mno, nimeona ni afadhali tukae na jengo moja tulichunguze vizuri. Jengo lenyewe lipo Córdoba, kusini mwa Uhispania, kando ya mto Guadalquivir. Lilijengwa likiwa msikiti, na tangu mwaka 1236 ni kanisa kuu. Ninachotaka kukijibu ni kwa nini msikiti huu ulisalimika, ilhali misikiti mikuu ya Toledo na Sevilla, iliyotwaliwa na wafalme wa Kikristo kama huu, ilibomolewa. Toledo walianza kujenga kanisa kuu mahali pa msikiti mwaka 1226. Sevilla, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 15, waliuangusha msikiti wakabakiza ua na mnara, ambao leo ni mnara wa kengele. Wapo wanaosema kwamba watawala wa Córdoba walikuwa wavumilivu zaidi. Mimi naamini sababu imo katika namna jengo lenyewe lilivyoundwa.

Mwanzilishi wake alikuwa Abd al-Rahman I, mwana wa Bani Umayya, ukoo wa makhalifa waliotawala dola ya Kiislamu kutoka Damasko, aliyenusurika pale wapinzani wao Bani Abbas walipouangamiza ukoo wake mwaka 750. Alikimbia kupitia Afrika Kaskazini, akavuka bahari, akaitwaa Córdoba mwaka 756. Ujenzi wa msikiti aliuanza karibu na mwaka 785, naye akafariki mwaka 788. Mafundi wake walikusanya nguzo kutoka katika majengo ya zamani ya Warumi na Wavisigothi, watu waliotawala Uhispania kabla ya Waislamu, na nguzo hizo hazikulingana urefu wala rangi, na zote zilikuwa fupi mno kwa ukumbi mpana kiasi kile. Lau dari lingewekwa moja kwa moja juu yake, waumini wangesali gizani na katika joto kali.

Hapa ndipo fundi alipofanya kazi ambayo bado inanishangaza. Juu ya kila nguzo ya marumaru aliinua nguzo nyingine ya mraba, kisha akaziunganisha zote kwa matao ya ngazi mbili. Tao la chini, lenye umbo la kwato ya farasi, halikubeba ukuta wala paa, bali lilizishika nguzo zisiyumbe. Tao la juu, lililo nene zaidi, ndilo lililobeba ukuta na paa, na juu ya ukuta huo ulipita mfereji wa kutoa maji ya mvua. Matao yenyewe yamejengwa kwa kupokezana mawe meupe na matofali mekundu. Kilicho chembamba kiko chini na kilicho kinene kiko juu, na jengo limesimama hivyo kwa zaidi ya miaka 1200.

Mpango huo ulikuwa na faida nyingine. Ukumbi hauna kitovu kinachoamuru sehemu nyingine zote. Ni safu za matao zinazojirudia, na yeyote anayetaka kuurefusha huendeleza safu tu. Ndivyo alivyofanya Abd al-Rahman II katika karne ya 9 alipousogeza ukuta wa kibla kusini, na ndivyo alivyofanya khalifa al-Hakam II katika miaka ya 960. Mwishoni mwa karne hiyo, al-Mansur, aliyekuwa na mamlaka yote ya dola mkononi, hakuweza kuendelea kusini kwa sababu ya mto. Akapanua upande wa mashariki kwa safu 8 mpya kando ya zile 11 za awali. Ukiyatazama matao yake kwa karibu utaona kwamba wekundu wake ni rangi iliyopakwa juu ya mawe, si tofali. Leo zimebaki nguzo zaidi ya 850, na katika baadhi ya zile zilizochongwa mahususi kwa msikiti huu yapo majina ya wachongaji kwa maandishi ya Kiarabu, ambayo mimi nayathamini kuliko majina ya watawala.

Mihrabu ya al-Hakam, yaani sehemu ya ukuta inayoonyesha kibla, ni chumba kidogo kamili kilichoingia ndani ya ukuta, na kuba lake limechongwa kwa umbo la kombe la baharini. Mlango wake umezungushiwa aya za Kurani kwa maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu zenye pembe, na nakshi za vijiwe vidogo vya kioo na dhahabu. Wanahistoria wa Kiarabu wameandika kwamba mfalme wa Bizanti, dola ya Kirumi ya Mashariki, ndiye aliyempelekea khalifa fundi wa kazi hiyo pamoja na vijiwe vyenyewe. Mtawala Mkristo, basi, alichangia kupamba mahali patukufu zaidi pa msikiti huu.

Ferdinand III, mfalme Mkristo wa Castile, alipouteka mji tarehe 29 Juni 1236, jengo lilitakaswa likafanywa kanisa la Bikira Maria. Kwa karibu miaka 300 Wakristo waliabudu humo kwa kuweka altare hapa na makanisa madogo pale, na kwa kuwa kila kipande kilijisimamia chenyewe, mengi hayakuguswa. Hata kanisa dogo la kifalme lililomo humo, lililokamilishwa mwaka 1371 lilinakshiwa kwa lipu iliyochongwa kwa mtindo wa mafundi wa Kiislamu.

Jeraha kubwa lilikuja mwaka 1523, pale Askofu Alonso Manrique alipotaka kanisa refu la mtindo wa Ulaya lijengwe katikati ya ukumbi. Baraza la mji lilipinga, likatishia kumwua fundi yeyote atakayegusa nguzo kabla mfalme hajaamua, kwa hoja kwamba kazi iliyokuwa ikibomolewa haingewezekana kufanywa tena kwa ubora uleule. Hao walikuwa Wakristo waliokuwa wakisali humo, na walikuwa sahihi kabisa. Mfalme Charles V aliamua kwa upande wa askofu, na inasimuliwa kwamba alipoiona kazi hiyo baadaye alijuta. Ujenzi ulichukua vizazi vitatu vya mafundi wa ukoo wa Hernán Ruiz, ukamalizika mwaka 1607. Ila hata kanisa hilo kubwa limemezwa na safu za matao: unaweza kutembea kwa muda ndani ya ukumbi usilione.

UNESCO iliuweka msikiti huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984. Mwaka 2006 dayosisi iliusajili kuwa mali yake, na mabishano juu ya umiliki hayajaisha. Wala Waislamu walioomba kusali humo hawajakubaliwa, jambo ambalo mimi naliona ni hasara kwa pande zote. Agosti 2025 moto uliwaka katika kanisa dogo lililokuwa likitumika kuhifadhi vifaa, ndani ya upanuzi wa al-Mansur, na paa lake likaporomoka. Wazima moto waliuzuia usienee. Matengenezo hulipiwa na baraza la makasisi wa kanisa kuu kwa viingilio vya wageni, na kila kazi kubwa huhitaji idhini ya serikali ya jimbo la Andalusia.