Masomo 24, Mwalimu Mmoja, Sufuria Moja

Asanteni. Wazazi mnaofundisha watoto wenu nyumbani, nitasema lile lile la kila mara: msiige ratiba ya shule. Mliokwisha kulisikia mnivumilie, maana bado naletewa zile jedwali za vipindi. Majuzi nimetumiwa nyingine kwenye simu: rangi sita, nusu saa nusu saa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi, Jumatatu hadi Ijumaa. Inapendeza ukutani, na ukutani ndipo itakapobaki.

Hebu tuhesabu. Tuseme una watoto watatu: wa Gredi ya 2 ana masomo 7, wa Gredi ya 5 ana 8, wa Gredi ya 8 ana 9. Jumla 24, na mwalimu ni wewe, wewe huyo huyo unayepika na kufua. Shule ina kengele kwa sababu ina walimu wa kupokezana. Wewe unampigia nani kengele?

Basi hesabu na kusoma tu ndiyo umfundishe kila mtoto peke yake. Hayo hupandwa hatua kwa hatua na kila mtoto ana hatua yake. Mengine wakalishe pamoja, mada moja wiki nzima, kila mmoja achote kwa kimo chake.

Mfano wangu mnaujua. Maharagwe. Chekeni tu.

Mdogo anachambua: mawe huku, yaliyotobolewa na wadudu kule, mazima anayahesabu kumi kumi. Punje chache anaziweka kwenye pamba yenye maji ndani ya gilasi, aone mzizi ukitangulia jani. Wa kati anapima: kikombe kimoja kikilowekwa usiku kucha kinakuwa vikombe vingapi? Kisha anaandika maelezo ya upishi kwa Kiswahili, na nduguye anayafuata neno kwa neno. Wangu aliandika “tia chumvi” bila kutaja kiasi. Kakake, kwa ukorofi wake, akatia kiganja kizima. Mchana huo tulikula mkate, na tangu hapo sijasahihisha tena maelezo yasiyo na vipimo.

Mkubwa naye ana swali lake: kwa nini maharagwe ya Nairobi hukawia kuiva kuliko ya Mombasa? Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa umepungua, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye kama digrii 94 badala ya 100. Ongeza moto utakavyo, maji hayapandi zaidi, ila gesi inaisha. Sufuria ya presha inafungia mvuke, mgandamizo unapanda, joto nalo linapanda. Mpe bei ya mtungi akokotoe hasara. Na historia? Maharagwe haya, pamoja na mahindi ya githeri, asili yake ni Amerika. Wanangu walikataa katakata. Nikawaambia haya, tafuteni ushahidi, nikapata saa nzima ya kunywa chai.

Najua kuna baba hapo anasema moyoni, “Na mtihani, mwalimu?” Gredi ya 6 kuna KPSEA, mtihani wa kitaifa wa shule ya msingi, Gredi ya 9 kuna KJSEA, ule wa sekondari ya chini, sijasahau. Miundo ya mtaala ya KICD, taasisi ya serikali inayotunga mitaala, iko mtandaoni. Ipakue, uichapishe, na Ijumaa jioni utie alama kwenye kila kilichoguswa na maharagwe. Kisichopata alama ndicho kinachochagua mada ya wiki ijayo. Kazi ya mtaala ni hiyo, kukagua mlikopita. Sijui nani aliwaambia ni orodha ya kusomwa juu hadi chini.

Hesabu, haraka haraka: asubuhi, kabla simu hazijaanza. Mdogo kwanza, dakika 20 za peke yake zinamtosha, wakubwa wakimalizia ya jana. Baadaye mkubwa amsomee mdogo, nawe ukae na wa kati. Siku moja tokeni: msitu wa Karura, au Makumbusho ya Reli. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa 1899, Kisumu 1901. Hiyo ni mada ya wiki nyingine nzima. Nendeni siku za shule, watu ni wachache. Jumatano alasiri iacheni wazi, ya stima kupotea na mtoto kuamka na homa.

Nilitaka kugusia muziki, na yule wa miaka miwili anayerarua madaftari ya wenzake, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Mama uliyeinua mkono tangu nikiwa kwenye chumvi, sema.