Kivumishi kimoja, mizizi mitatu: "-dogo" ya Skandinavia

Ndugu zangu, jioni hii nimekuja na kivumishi kimoja tu: kile chenye maana ya "-dogo" katika lugha za Skandinavia. Sisi tukisema mtoto mdogo, kisu kidogo, watoto wadogo, shina halitikisiki. Kinachobadilika ni kiambishi cha mbele. Wenzetu wale hubadilisha mwisho wa neno, na wakifika kwenye wingi wanalitupa neno zima na kuokota jingine.

Chukua Kiswidi. Gari dogo ni *en liten bil*. Nyumba ndogo ni *ett litet hus*, kwa kuwa *hus* ina jinsia nyingine, mfano wa ngeli zetu. Likiwa ni lile gari tunalolijua tayari, utasikia *den lilla bilen*. Yakiwa mengi, *små bilar*. Na "dogo zaidi"? *Mindre*. Mizizi mitatu hiyo!

Asili ya *liten* ni *lítill* ya Kinorse cha Kale, lugha iliyozizaa lugha hizi. Neno hilo likisifu mtendaji wa kiume lilikuwa *lítill*. Likisifu mtendwa, *lítinn*. Waswidi na Wanorwei wakabaki na umbo la mtendwa, ndilo *liten* la leo. Wadenmark wakashika lile la kitu kinachojulikana, *litli*. T ikamezwa na l, ikawa *lille*. Basi wao husema *en lille bil, et lille hus, den lille bil*, jinsia haiwashughulishi. Mgeni anayejifunza Kidenmark apokee nafuu hiyo kwa mikono miwili, maana matamshi yatamtoa jasho.

Sasa hiyo *små*. Inatokana na *smár*, neno jingine la kale kabisa, wala wahenga hawakulilazimisha kwenye wingi. Kiiceland kinatuonyesha: magari madogo huko bado ni *litlir bílar*, na *smár* linaishi kando kwa shughuli zake. Kumbe mgawanyo huu wa umoja na wingi ulikomaa baadaye, kwenye lugha za bara, yaani Kiswidi, Kinorwei na Kidenmark.

Utauona hata kwenye ramani. Lillehammer ya Norwei, iliyoandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1994, ni Hamar ndogo, ili usiuchanganye na mji wa Hamar. Ni mmoja, kwa hiyo *lille*. Lakini jimbo la Småland, kusini mwa Sweden, limebeba umbo la wingi, kwa sababu zamani palikuwa na vijinchi kadhaa: Värend, Finnveden, Njudung na vinginevyo.