Pendekezo Likishatumwa, Huenda Wapi?

KAKA: Wasikilizaji wetu, hamjambo. Leo tunaeleza tulipofikia katika kuunda programu ya ushirikishwaji wa umma, ya wananchi kutuma maombi yao kwa kaunti, tunayoijenga hapa Mombasa juu ya msingi wa Decidim, programu huria iliyoanzia Barcelona. Dada, wengi walitarajia sehemu ya kupigia maombi kura iwe tayari. Imekwama wapi?

DADA: Haikukwama, kaka, tumeiweka kando kwa makusudi. Tulipoketi na wakazi wa Likoni na Kisauni, hakuna aliyelalamika kwamba hana pa kutolea maoni, kwa kuwa tangu Katiba ya 2010 mikutano ya hadhara huitishwa, watu huandika majina, husema yao, na hunywa soda ikiwapo. Kilio chao ni kwamba baada ya hapo hawasikii lolote.

KAKA: Ndiyo maana nguvu zote mkazielekeza kwenye majibu.

DADA: Naam. Chukua mkazi wa Kongowea anayeomba mtaro wa mtaani kwake ufunikwe. Ombi lake hupewa nambari, na chini yake huonekana limefika wapi: linatathminiwa, limekubaliwa au limekataliwa. Hatua hizo Decidim inazo tayari. Afisa hawezi kubonyeza «limekataliwa» kabla ya kuandika sababu, na tulichoongeza ni kwamba sababu hiyo humfikia mwombaji kwa ujumbe mfupi, hata kama simu yake ni kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe.

KAKA: Hapo nina shaka. Afisa ataandika «hakuna fedha» kwa kila ombi, na kazi imekwisha.

DADA: Wapo watakaofanya hivyo, lakini jibu hilo litasomwa na kila mtu, tena kando ya kalenda ya bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio yafike katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka uwasilishwe kufikia 1 Septemba. Ombi likiletwa Mei, mwenyewe huambiwa waziwazi kwamba limechelewa kwa makadirio ya mwaka huo na kwamba linaelekezwa kwenye mpango unaofuata. Fedha kukosekana na ombi kuchelewa ni mambo mawili, na mwananchi ana haki ya kujua ni lipi lililomkuta.

KAKA: Na nambari za vitambulisho?

DADA: Hatuziombi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatutaka tukusanye kile tu kinachohitajika, kwa hiyo tunauliza nambari ya simu na wadi, kati ya wadi 30 za kaunti. Hasara yake ni kwamba mwenye laini mbili anaweza kuunga mkono ombi mara mbili.

KAKA: Na kura ya namna hiyo ingezua ugomvi.

DADA: Ndiyo sababu ya pili ya kuiahirisha. Kwa sasa idadi ya waungaji mkono inaonyeshwa kama dalili tu.

KAKA: Kinachofuata ni kipi?

DADA: Majaribio katika wadi moja. Kabla ya hapo, sharti tuamue kama jibu litabeba jina la afisa au la ofisi yake. Mimi nasema ofisi, kwa sababu maafisa huhamishwa.

KAKA: Nami nasema jina. Basi tutalijadili Jumatatu mbele ya timu nzima.