Jinsi ya kumpima deliriamu mgonjwa wa ICU, hatua kwa hatua

Karibuni wauguzi wenzangu, matabibu, na nyie wanafunzi mlioko wodini. Leo kwenye video hii tunampima mgonjwa wa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, kama ana deliriamu, ubongo uliovurugika ghafla, palepale kitandani, bila kuchukua damu wala kusubiri majibu ya maabara. Unahitaji sauti yako, mkono wako, na saa yenye mshale wa sekunde. Dakika mbili zinatosha ukishazoea.

Mwenzetu mmoja amekubali kulala awe mgonjwa, tutamwita Mzee. Ana mpira wa kupumulia mdomoni, kwa hiyo hawezi kusema neno. Tumemchagua hivyo makusudi. Kipimo tunachokifanya kinaitwa CAM-ICU. Mwanzo wake ni kipimo cha Dakta Sharon Inouye cha mwaka 1990, na mwaka 2001 Profesa Wesley Ely na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, wakakitengeneza upya ili kimfae mgonjwa aliye kwenye mashine, asiyeweza kujibu kwa mdomo.

Mtazameni Mzee kabla sijamgusa. Ametulia. Hachomoi mipira, hapigani na mashine. Nikisema "Shikamoo mzee", ananiitikia kwa kichwa. Kwenye faili lake zamu ya usiku imeandika: anajitambua, anatoa ushirikiano.

Hapo ndipo tunapopotea. Salamu kwetu hutoka zenyewe. Mtu amezisema tangu utotoni, ubongo hauhitaji kufikiri ili kuitikia marahaba, nzuri, salama, Mungu anasaidia. Nimeona wagonjwa wanaoitikia salamu ya kila anayepita, na bado hawawezi kukufuata kwa nusu dakika. Kwa hiyo mwamkie, ni heshima yake, lakini usiiandike salamu kuwa ni ushahidi wa akili timamu.

Deliriamu ni ubongo kuvurugika ndani ya saa au siku chache kwa sababu ya ugonjwa, dawa au yote mawili. Kinachoharibika kwanza ni umakini. Na hali hupanda na kushuka: saa nane za usiku anaona mauzauza ukutani, saa tatu asubuhi madaktari wakipita raundi yuko shwari. Yule anayerusha mateke na kutaka kwenda nyumbani hana haja ya kutafutwa, wodi nzima inamjua. Anayetuponyoka ni mkimya, anayesinzia, asiyesumbua mtu. Tunamwita mgonjwa mzuri.

Ukubwa wa jambo lenyewe ni huu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 821 wa ICU walioshindwa kupumua au waliokuwa kwenye shoki, damu haifiki vya kutosha kwenye viungo. Asilimia 74 walipata deliriamu wakiwa hospitali, na waliokaa nayo siku nyingi walikuwa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri uliodhoofika zaidi hata mwaka mmoja baadaye. Utafiti mwingine wa mwaka 2004, kwa wagonjwa wa mashine ya kupumulia, ulikuta kwamba ndani ya miezi sita walifariki asilimia 34 ya waliopata deliriamu, dhidi ya asilimia 15 ya wasioipata.

Haya, tuanze. Kabla ya swali lolote unapima kiwango cha kuamka, kwa kipimo cha RASS. Kinaanzia +4, mgonjwa anayepigana na kuhatarisha watu, hadi -5, asiyeitika hata ukimtikisa. Sifuri ni mtu aliye macho na mtulivu. Namba za juu ya sifuri mtazitambua kwa macho tu, nisiwachoshe. Tuzame kwenye zile za chini, maana ndizo zinazokosewa.

Simama anapoweza kukuona. Mtazame kwanza nusu dakika bila kusema kitu. Amefumba macho? Mwite kwa jina analolijua, lile analoitwa nyumbani: "Baba Rehema, fumbua macho unitazame." Ukishaita, hesabu sekunde. Akifumbua akakutazama kwa sekunde 10 au zaidi, hiyo ni -1. Akikutazama chini ya sekunde 10 macho yakarudi kufumba, ni -2. Akijongea au kufumbua macho lakini macho yake hayakutani na yako kabisa, ni -3. Asipoitika sauti, mtikise bega, ikibidi sugua kifua. Akijongea kwa hilo, ni -4. Asipofanya lolote, -5.

Mzee wetu alikuwa amefumba. Nimemwita, amefumbua, ananitazama, sekunde 11, 12, 13, sasa kope zinashuka. Andika -1.

Mgonjwa wa -4 au -5 hapimwi deliriamu kwa sasa. Andika kwamba yuko kwenye koma au usingizi mzito wa dawa, kisha urudi baadaye. Lakini kuanzia -3 kwenda juu, anapimika. Msiniambie "huyu amelala sana, hawezi kupimwa". Kama ameitika sauti yako hata kwa kope, endelea.

CAM-ICU ina alama nne za kutafuta. Alama ya kwanza: je, akili yake imebadilika ghafla, au imekuwa ikipanda na kushuka katika saa 24 zilizopita? Hili mgonjwa hulijibu kwa nadra. Wanaolijibu ni wawili: chati na ndugu. Kwenye chati angalia namba za RASS za jana na leo. Kama zimeruka kutoka +1 hadi -2 kisha -1, jibu ni ndiyo. Kwa ndugu, usiulize "ana akili zake?", watakasirika, na wana haki. Uliza hivi: "Mama, kabla hajaugua alikuwa anahesabu mwenyewe hela za dukani? Alikuwa anawajua wajukuu wake wote?" Nusu saa ya kutembelea wagonjwa itumie kwa hili. Mke wa mgonjwa akikwambia "huyu siye niliyemleta hapa", chukulia maneno yake kama kipimo kilichorudi kutoka maabara.

Kwa Mzee jibu ni ndiyo. Tunakwenda alama ya pili, umakini. Hii ndiyo roho ya kipimo chote.

Hakikisha anasikia. Kama ana kifaa cha masikio, mvalishe. Shika mkono wenye nguvu, mwambie: "Nitakusomea herufi kumi. Kila ukisikia A, nibane mkono. Herufi nyingine, usibane." Rudia maelekezo mara moja kama hajaelewa. Kisha soma kwa sauti ya kawaida, ukiacha kama sekunde tatu kati ya herufi na herufi: S, A, V, E, A, H, A, A, R, T.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna mtego ambao miongozo ya Kiingereza haiutaji. Sisi tuliosoma vyuo tunaisoma A kwa Kiingereza, "ei". Mgonjwa aliyefundishwa a, be, che, de akisikia "ei" anaweza kudhani ni E, na E imo kwenye orodha. Utamhesabia makosa ambayo ni yako. Tamka "a" kama tunavyotamka mwanzo wa "asante", na nyingine zifuate mtindo huohuo: se, a, ve, e. Asiyejua kusoma anapimwa vilevile, kwa sababu anasikiliza mlio tu: "ukinisikia nikisema aa, bana." Kubadilisha orodha si dhambi, Wajerumani wana yao, ANANASBAUM. Cha muhimu ni wodi nzima itumie orodha moja, na majibu ya zamu yako yaweze kulinganishwa na ya zamu inayofuata.

Kamera isogee kwenye mkono. S, kimya, sawa. A, amebana, sawa. V, kimya. E, amebana: kosa la kwanza. A, kimya: la pili. H, kimya, sawa. A, amebana. A tena, hakubana: la tatu. R, amebana: la nne. T, kimya. Makosa manne. Yakizidi mawili, umakini umeharibika. Kama yangekuwa sifuri, moja au mawili, ningeishia hapa na kuandika: hana deliriamu.

Mambo matatu ya kuangalia. Mgonjwa anayebana mkono mfululizo toka mwanzo hadi mwisho hajafaulu; kila herufi isiyo A aliyoibana ni kosa. Mgonjwa wa -3 asiyebana kabisa naye amekosa, usimwandike "hajapimwa". Na aliyepooza mikono mwambie afumbe macho badala ya kubana.

Alama ya tatu ni rahisi kuliko zote, umeshaifanya. RASS yake sasa hivi ni namba yoyote isiyo sifuri, ya juu au ya chini? Mzee ni -1. Kwa hiyo ana alama ya kwanza, ya pili na ya tatu: ana deliriamu. Yule aliyeandikwa "anatoa ushirikiano".

Mgonjwa mwenye RASS ya sifuri ndiye anayehitaji alama ya nne, fikra zilizovurugika. Muulize maswali manne ya ndiyo au hapana, ajibu kwa kichwa. "Jiwe linaelea juu ya maji?" "Baharini kuna samaki?" "Kilo moja ni nzito kuliko kilo mbili?" "Nyundo inaweza kupigilia msumari?" Usicheke unapouliza. Wazee wengine huona unawadharau, kwa hiyo tangulia: "Mzee, nina maswali ya kitoto kidogo, kila mgonjwa hapa tunamuuliza." Kisha inua vidole viwili mbele yake: "Nionyeshe vidole vingapi hivi." Akishaonyesha, shusha mkono wako: "Sasa fanya hivyohivyo kwa mkono wa pili." Usimwonyeshe tena. Kama mkono mmoja haufanyi kazi, mwambie aongeze kidole kimoja. Agizo lote linahesabiwa pamoja, sawa na swali moja. Makosa mawili au zaidi katika hayo matano, alama ya nne ipo.

Kanuni yenyewe: alama ya kwanza na ya pili lazima ziwepo zote, kisha ya tatu au ya nne, mojawapo. Pima angalau mara moja kila zamu, na tena kila hali ikibadilika. Kwenye chati andika RASS, idadi ya makosa ya herufi, na jibu. "Amechanganyikiwa kidogo" haimsaidii anayekupokea.

Sasa ana deliriamu, tunafanyaje? Tafuta chanzo, na anza na vinavyoua haraka: sukari kwenye damu na oksijeni, kabla hujampigia daktari simu. Halafu joto, malaria, maambukizi, chumvi za damu, figo. Gusa tumbo la chini. Kibofu kilichojaa kwa sababu mpira wa mkojo umeziba kinaweza kumvuruga mzee usiku kucha. Maumivu, choo kigumu. Kisha karatasi ya dawa, tafuta zinazoleta usingizi: diazepamu, midazolamu, promethazini. Muulize daktari kama zinaweza kupunguzwa. Ila kama deliriamu inatokana na kuacha pombe ghafla, diazepamu na dawa za kundi lake ndizo tiba, usiziondoe.

Haloperidoli je, ile dawa ya kutuliza waliovurugika akili? Jaribio la Marekani lililotoka mwaka 2018, la wagonjwa 566, lilionyesha kwamba haikufupisha deliriamu ikilinganishwa na dawa isiyo na kitu ndani. Kwa mkimya kama Mzee hakuna sababu ya kuikimbilia. Na kamba za bendeji mikononi huwafanya wengi wahangaike zaidi; ukilazimika kufunga, andika saa ya kufungua na uiheshimu.

Kinachobaki ni kazi ya mikono. Miwani yake. Saa ya ukutani mahali anapoiona. Pazia wazi mchana, taa zimezimwa usiku, na kazi za usiku zikusanywe pamoja asiamshwe kila dakika kumi. Akalishwe kitako mapema kadiri hali yake inavyoruhusu. Dawa za usingizi zipunguzwe kila siku tuone kama anaweza kuamka na kupumua mwenyewe.

Na ndugu wasiachwe gizani. Huko nje ya mlango kuna anayesema amerogwa, na kuna aliyeshampigia simu mchungaji au shehe. Usibishane nao. Waambie: "Ugonjwa umevuruga ubongo wake kwa sasa, hutokea kwa wagonjwa wengi wa hapa, na kwa wengi hutulia chanzo kikitibiwa. Mkiingia, jitajeni majina, mwambieni leo ni siku gani na yuko wapi, mshikeni mkono. Akisema anaona watu ukutani msimkaripie, na msimkubalie kwamba wapo. Mwambieni nyinyi hamwaoni, na kwamba yuko salama."