Aliyekuwa Kulia Kwako Alikuwa Nani? Mhadhara kuhusu Kumbukumbu za Wapiganaji wa Kagera

Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Na ninyi vijana, karibuni.

Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vilianzaje, sitasimulia. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, ile ya uwezo, sababu na nia, hata wajukuu wanaikariri. Nimekuja na neno lilelile ninalolisema kila ninapopewa kipaza sauti: acheni kumhoji mzee peke yake. Mtafutieni mwenzake wa kombania moja, au walau wa brigedi iliyopigana jirani naye, wakae pamoja ndipo mrekodi.

Chukueni Lukaya, kule Uganda. Machi 10, 1979, Brigedi ya 201 ya jeshi letu ilikuwa ikisonga kwa barabara ya Kampala, na pale barabara inakatiza kwenye tope. Ilibidi kuiwahi kabla adui hajaiharibu. Wengi katika 201 walikuwa mgambo ambao hawajawahi kuonja moto. Walibya, waliokuja kumsaidia Amin, wakafyatua maroketi ya Katyusha. Mengi yalipita juu ya vichwa yakaangukia mbali, lakini kishindo kile kilitosha: safu zikavunjika, watu wakatawanyika. Ndipo Brigedi ya 208, iliyokuwa kaskazini-magharibi, ikaamriwa kugeuka. Ikatembea usiku, na alfajiri ya Machi 11 ikatokea kwenye barabara ya Kampala, ubavuni mwa adui, huku 201 iliyojipanga upya ikishambulia kutoka kusini.

Sasa mhoji mzee wa 208. Atakupa alfajiri ile kama anaiona. Nenda kwa mzee wa 201: “Tulikwenda, tukarudi,” kisha kimya. Kijana mwenye simu anaandika kwamba mzee amesahau. Hajasahau hata kidogo! Amebeba aibu ya usiku mmoja miaka yote hii, wala hakuna aliyemwambia kwamba asubuhi yake, aliporudi kupigana, ndiyo iliyombana adui pande mbili. Wa kumwambia hivyo ni mzee wa 208, si wewe wala mimi. Wakae meza moja uone kama hatasema.

Najua mtakaloniuliza: wawili si watasomeana, hadithi zao zichanganyike? Watasomeana, ndiyo. Kwa hiyo kila mmoja apewe kwanza dakika kumi zake, mwenzake akiwa nje ya chumba, halafu ndipo waungane. Wakipingana usiwapatanishe, rekodi ubishi wao wote. Usiku, kwenye tope, askari aliona hatua chache tu mbele yake, na hizo hatua chache ndizo tunazozitafuta.

Wala usianze na tarehe. Tarehe ziko vitabuni. Uliza alibeba nini mgongoni, alikula nini siku ile, viatu vilikuwaje, na aliyekuwa kulia kwake alikuwa nani. Hilo la mwisho ndilo ufunguo, maana jina analolitaja ndiye mzee wako wa pili. Majina ya Uganda andika anavyoyatamka, ramani utaifungua baadaye. Ukimsahihisha katikati ya maneno umemkata. Na anayehofia siri za jeshi mwambie hatuulizi habari za silaha wala kambi za leo. Tunauliza njaa na miguu.

Fanyeni asubuhi, baada ya chai. Jioni hapana, kwa sababu mzee atakwenda kulala nayo, na usiku wake mtakuwa mmeuharibu ninyi. Dakika 45 zinatosha. Mikono ikianza kutetemeka, zima, kaa naye, usiondoke haraka. Simu iwekwe hali ya ndege, juu ya khanga iliyokunjwa, maana meza tupu inapaza kila kikombe kinachotuliwa. Redio izimwe. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha. Sekunde za kwanza taja jina, kijiji, kikosi na tarehe ya leo, na siku hiyohiyo nakala ya pili ikakae nyumba nyingine. Tumepoteza sauti nyingi mno kwa simu iliyotumbukia majini.

Sasa hili la kuwasiliana. Mnaanzisha kundi la WhatsApp, mnasema kazi imekwisha. Wazee wengi wana kitochi! Kundi linabaki la watoto wao, na taarifa ya msiba inamfikia mwenzake wakati arobaini imeshapita. Fungueni daftari. Kila mzee aandikiwe namba tatu: yake, ya mtoto anayekaa naye, na ya jirani au mwenyekiti wa kitongoji. Laini hufungwa, simu hupotea. Zote tatu ni nadra kufa pamoja. Aandikiwe na majina matatu, la kwenye cheti, la kijijini, na lile aliloitwa kikosini. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwani mwenzake anamtafuta kwa lakabu ya jeshini, kijijini wanamjua kwa Baba Fulani, mtu anarudi na nauli imekwisha huku mzee yuko nyumba ya pili. Kila miezi mitatu mmoja apigie watano, na kila mmoja wa hao watano wake. Namba isiyopokelewa mara mbili, mtu aende kwa miguu.

Picha zao za zamani: nyuma andika kwa penseli, wino unapenya. Zinakili kwa simu karibu na dirisha, bila kuwasha taa yake.

Nilitaka kusema juu ya wajane, na juu ya wananchi wa ng’ambo ya Mto Kagera waliokimbia bila ng’ombe wala mahindi, ambao hakuna anayewaita wapiganaji lakini kumbukumbu wanazo. Naonyeshwa saa. Niseme moja tu: mjane ndiye mwenye barua. Mwende kwake kabla sanduku halijasafishwa.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 alizaliwa 1959, hesabuni wenyewe. Daftari liko pale mlangoni, na kalamu ipo. Mwenye mzee wa 201 au wa 208 aandike sasa hivi, majina yote matatu, kabla hajatoka.